Kumtafuta babu mdogo aliyekwenda Uingereza

Ndugu yangu, kwa kuwa unamtafuta mdogo wake babu yako aliyeondoka Mpwapwa miaka ya 1950 akapanda meli kwenda Uingereza, usianzie London. Anzia kwa bibi yeyote wa ukoo wenu aliye hai, kwa sababu jina unalolichukulia kuwa la ukoo huenda ni la baba yake tu, na huko ugenini aliandikishwa kwa jingine kabisa. Mimi nilimpata babu yangu katika daftari la ubatizo la kanisa moja huko Mvumi. Wino ulikuwa umefifia, na jina lake la Kigogo lilikuwa limeandikwa pembeni kwa penseli. Bila hilo la pembeni nisingefika popote.

Ukishapata majina yote, tazama orodha za abiria walioshuka katika bandari za Uingereza wakitoka nje ya Ulaya, ambazo Nyaraka za Taifa za nchi hiyo, huko Kew, mtaa wa London, zinazihifadhi kuanzia 1878 hadi 1960, na ambazo mara nyingi huonyesha umri, kazi na anwani aliyokusudia kufikia msafiri. Jaribu tahajia zote, maana karani aliandika alichosikia, na jina linaloanza na Ng' laweza kuwa limeandikwa kwa N tupu. Kama aliondoka akiwa baharia, hatakuwemo kati ya abiria; utafute kumbukumbu za mabaharia. Tena, kama barua zake zimo sandukuni, msitupe bahasha, kwani muhuri wa posta hutaja mji na tarehe.