Mziki na Michoro ya Daladala Mbeya: Anzia Kwenye Umeme

Hiace mbili zikisimama Kabwe kuelekea Uyole, vijana wengi watapanda ile yenye besi nzito na jina lililoandikwa vizuri nyuma. Mwenye gari la pili akiona hivyo hukimbilia kununua sabufa. Sabufa inunuliwe mwisho.

Soma kwanza ampea za alteneta, ile inayozalisha umeme injini ikiwaka, kwenye kibandiko chake. Halafu chukua wati halisi za amplifaya, zile za RMS na si namba kubwa ya kwenye kasha, gawanya kwa 0.8 kama ni ya daraja D, aina isiyopoteza umeme mwingi (za zamani za AB gawanya kwa 0.55), kisha gawanya kwa 13.8, volti za gari likiwaka. Wati 500 za daraja D zinakula kama ampea 45. Taa kubwa mbili za kawaida zinaongeza 8, na wipa bado. Linganisha jumla na ampea za alteneta. Kwenye foleni ya Mafiati injini iko sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyagwa mafuta, alteneta haifikishi ampea zake zote, kwa hiyo pengo linazibwa na betri. Ikija baridi ya Juni na Julai, betri iliyonyonywa jioni haina nguvu ya kuwasha injini alfajiri, na gari linasukumwa.

Pima kwa mita. Betri iliyojaa na kupumzika husoma kama volti 12.6, injini ikiwaka, 13.8 hadi 14.4. Mziki ukipigwa injini ikiwaka na namba ikashuka chini ya 13, punguza wati au funga alteneta kubwa zaidi. Betri ya pili peke yake inachelewesha tatizo tu, maana nayo inategemea alteneta ileile.

Waya wa umeme uwe wa shaba tupu, milimita za mraba 16 angalau, na 25 ndiyo ya kulala usingizi. Sokoni kuna waya za alumini zilizopakwa shaba: kwaruza kwa kisu, ukiona weupe ndani, achana nao. Fyuzi ya ampea 60 ikae ndani ya sentimita 45 kutoka kwenye betri. Inalinda waya, si amplifaya. Waya ukisuguliwa na bodi mpaka ukachubuka, bila fyuzi hiyo gari linaungua na abiria ndani.

Ethi, yaani waya hasi unaofungwa kwenye bodi, iwe fupi, kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi mpaka kikang'aa. Ule mluzi unaopanda na kushuka na mwendo wa injini mara nyingi ni ethi mbovu, au waya za sauti zimepita sambamba na wa umeme. Kila aina ipite upande wake wa gari.

Waya wa kuwashia amplifaya, kwa kawaida wa bluu, uwekee swichi mkononi mwa dereva. Kituoni konda anatakiwa kusikika, ving'ora vya magari yanayokuja nyuma vinatakiwa kusikika, na ukipita karibu na hospitali mgonjwa anatakiwa kupumzika. Mziki unaoweza kuzimwa kwa kidole kimoja ndio unaovumiliwa na mji.

Mwisho, pandisha redio hadi robo tatu, ongeza geini, kile kitufe cha amplifaya cha kurekebisha nguvu ya sauti inayotoka kwenye redio, taratibu mpaka sauti ianze kukwaruza, kisha rudisha kidogo. Fundi akiacha geini imejaa, koili ya spika inaungua hata kama wati si nyingi.

Kwa michoro, adui mkubwa huku ni unyevu. Rangi iliyopigwa asubuhi ya ukungu hukauka na weupe kama wa maziwa. Anza saa tano asubuhi, maliza kabla ya saa tisa alasiri ili ikauke jua lingalipo. Osha kwa sabuni, futa mafuta kwa tina, piga msasa namba 400, halafu praima, rangi ya kwanza ya kushikia. Rangi ipigwe mikono mitatu myembamba, ukiacha dakika 15 hivi kati ya mkono na mkono. Ukipiga nene mara moja inatiririka. Stika nazo hazishiki vizuri kwenye bati la baridi chini ya nyuzi 10, hata gundi iwe nzuri kiasi gani.

Usifunike rifleta, namba ya gari, mstari wa njia wala kioo cha mbele. Jina la nyuma liwe na herufi za sentimita 15 au zaidi, rangi inayopingana na bodi, na juu yake klia, ile rangi angavu ya kinga, kwa sababu jua la nyanda za juu ni kali na nyekundu ndiyo hupauka mapema.