Mstari Huu Unasema Nini? Maswali ya wasomaji kuhusu data na maamuzi

*Shikamoo Mwalimu. Miezi mitano iliyopita nilipandishwa cheo kuwa meneja wa usambazaji. Kila Jumatatu naletewa ripoti mbili, moja ya mauzo na nyingine ya ghala, na hazijawahi kulingana. Juzi, kwa mteja mmoja tu, mauzo waliandika vipande 360 na ghala wakaandika 120. Oda yake ya kwanza tuliipeleka kwa safari tatu, ya pili bado haijatoka. Mkurugenzi akaniuliza nani mkweli, nikanyamaza. Nataka kujifunza hifadhidata na hizi dashibodi. Nina miaka 46 na sikusomea kompyuta. Nianze na programu gani?*
*— Aliyenyamaza*

Marahaba, ndugu yangu. Kabla ya programu, hebu zitazame tena hizo namba. 360 ni 120 mara tatu, na umesema mzigo ulikwenda kwa safari tatu. Mfumo wenu sijauona, ila kama tungekuwa tumekaa meza moja, hapo ndipo ningeanza kuchimba. Alama hiyo naijua kwa sababu ilishaniumiza.

Nilipokuwa karani wa takwimu katika kampuni moja, niliandaa ripoti ya oda iliyofura kwa namna hiyohiyo. Hesabu ya kujumlisha haikuwa na kosa. Kompyuta ilijumlisha sawasawa kile nilichoipa. Wakubwa wakaiamini, wakakodi ghala la pili, na ghala lile likakaa tupu miezi mitatu. Hakuna aliyenifokea, na hilo liliniuma zaidi. Majedwali yote mawili nilikuwa nayo mbele yangu, na sikuwahi kujiuliza mstari mmoja katika kila jedwali unasema nini.

Hilo ndilo somo la kwanza, na kwangu mimi ni nusu ya masomo yote. Mwaka 1970 Edgar Codd, aliyekuwa mtafiti wa IBM, alichapisha pendekezo la kupanga data katika majedwali yanayofuata kanuni za hisabati, na hifadhidata nyingi za maofisini hadi leo zimesimama juu ya wazo hilo. Meneja anaweza kulishika hivi: kila mstari ni sentensi moja inayodai kuwa kweli. Basi usome kwa sauti. Jedwali la oda linasema: "Oda 4417 ni ya vipande 120." Mstari unaofuata: "Oda 4418 ni ya vipande 80." Jedwali la safari nalo linasema: "Safari ya kwanza ya oda 4417 ilibeba vipande 50." Ya pili ilibeba 40, ya tatu 30. Unasikia tofauti? Jedwali moja linazungumzia oda, jingine linazungumzia safari. (Namba za oda nimezitunga, hesabu nimeifuata ya kwako.)

Sasa mtu anakuja kuyaunganisha majedwali hayo kwa namba ya oda, aone oda na safari zake pamoja. Oda 4417 ina safari tatu, kwa hiyo itatokea mara tatu, na kila inapotokea inakuja na vipande vyake 120. Ukijumlisha safu ya oda unapata 360. Na 4418 je? Haina safari hata moja, na muungano wa kawaida hubakiza tu mistari iliyopata mwenzake upande wa pili, kwa hiyo imetoweka bila kuaga. Ripoti moja imeikuza oda ya kwanza mara tatu na kuimeza ya pili, na kwenye karatasi hakuna kinachoonyesha hivyo. Anayejua kidogo atabadilisha aina ya muungano ili oda zote zibaki. 4418 itarudi, na jumla itapanda hadi 440. Amezidi kupotea.

Dawa yake ni kujumlisha safari kwanza, kila oda ibaki na mstari mmoja wa safari zake zote, ndipo uunganishe. Hapo utaona vilivyoagizwa 200, vilivyotoka 120, vilivyobaki 80. Ghala hawakudanganya, walijibu swali la kilichotoka. Mauzo walikusudia kujibu swali la kilichoagizwa, jibu likaharibikia njiani. Jumatatu ijayo mkurugenzi mpe hili: mteja yule anatudai vipande 80, na anatudai tangu tarehe fulani. Juu ya hilo anaweza kuamua kitu.

Kuhusu programu, anza na SQL, lugha ya kuiuliza hifadhidata maswali. Power BI na Tableau, programu za kutengeneza dashibodi, yaani kurasa za michoro ya namba, zinapendeza, nami nazitumia, lakini zinachora kile ulichozipa, hata kikiwa kimefura kama ile ripoti yangu. SQL ilianzia IBM kwa Donald Chamberlin na Raymond Boyce mwaka 1974, ikafanywa kanuni rasmi Marekani mwaka 1986, na bado inafanya kazi. Utakachojifunza mwaka huu hakitakuchachia mwakani. Pakua SQLite, haina malipo, na hifadhidata yake nzima inakaa katika faili moja. Andika kwa mkono wako majedwali mawili niliyoyataja, mistari mitano tu kwa jumla. Yaulize kwa SELECT, ya kuchagua safu, na WHERE, ya kuchuja mistari, mpaka mkono uzoee, kisha GROUP BY ya kujumlisha kwa makundi. JOIN, yaani muungano, usiiguse mpaka hayo yamekaa. Siku utakapoigusa, hesabu mistari kabla ya kuunganisha na uhesabu tena baada yake. Ilikuwa miwili na sasa ni mitatu? Simama, uulize kwa nini.

Miaka 46 isikutie unyonge hata kidogo. Vijana wengi niliowafundisha wanaandika SQL kwa kasi nisiyoiweza, lakini hawajui kwamba oda moja inaweza kwenda kwa safari tatu. Wewe unajua, kwa sababu mzigo umeupakia.

*Mwalimu, mimi ni mkuu wa idara. Mtaalamu wetu anataka tujenge ghala la data. Hifadhidata tunayo tayari, ya kuingizia mauzo kila siku. Huku si kununua kitu kilekile kwa jina jipya? Nitajuaje kama anachosema kina maana?*
*— Mwenye mashaka*

Ni vitu viwili, ingawa hujakosea kuwa na mashaka. Hifadhidata ya kazi za kila siku imetengenezwa ikumbuke hali ya sasa. Mteja wenu akihamishwa Machi kutoka kanda ya kaskazini kwenda kusini, karani anafuta "kaskazini" na kuandika "kusini", na kwa kazi ya kutoa ankara hiyo inatosha. Desemba ukiuliza kila kanda iliuza kiasi gani, manunuzi yake yote ya mwaka yanahesabiwa kusini, hata ya Januari na Februari. Meneja wa kaskazini anaonekana ameshuka, wa kusini anapongezwa, na wote wawili hawajafanya lolote. Hapo mtu anaweza kuadhibiwa kwa sababu ya kisanduku kimoja kilichofutwa, na ndiyo maana jambo hili nalichukulia kwa uzito.

Ghala la data hutunza mistari yote miwili ya mteja huyo: alikuwa kaskazini hadi tarehe hii, yuko kusini tangu tarehe ile. Bill Inmon, mmoja wa waasisi wa fani hii, alilieleza ghala kuwa mahali data inapobeba wakati wake na haifutwifutwi. Ralph Kimball yeye alieneza mtindo wa kuweka matukio katikati, kama mauzo au safari, na kuyazungushia majedwali ya maelezo: mteja, bidhaa, tarehe, kanda. Kwake, ukishachagua shughuli utakayoipima, hatua inayofuata ni kutamka mstari mmoja wa jedwali la matukio utasimama kwa kitu gani, kabla hujataja safu hata moja. Ni swali lilelile la barua ya kwanza.

Basi mtaalamu wako mwulize hilo. Akijibu "mstari mmoja ni bidhaa moja katika ankara moja", una mtu anayejua anachojenga. Akianza kukutajia majina ya programu, mrudishe akafikiri. Kisha mwulize ni uamuzi gani mnaoufanya sasa kwa kubahatisha, nani anaufanya, na kila baada ya muda gani. Pasipo jibu la hilo mtapata dashibodi yenye michoro arobaini isiyofunguliwa na mtu. Na kama shida yenu ni kwamba ripoti zinauchosha mfumo mchana, pengine nakala ya hifadhidata inayochukuliwa kila usiku inatosha kwa sasa. Ila haitawarudishia ile kanda iliyofutwa.

*Shikamoo Mwalimu. Dashibodi yetu inaonyesha wateja wameridhika kwa wastani wa 5 kati ya 5, na simu za malalamiko hazikatiki. Kosa liko wapi?*
*— Wa huduma kwa wateja*

Marahaba, mwanangu. Angalia visanduku vitupu. Ukiwauliza wateja 10, wakajibu 6 na kila mmoja akatoa 5, SQL inapotafuta wastani kwa AVG inawaruka wale wanne wasiojibu: 30 kugawa kwa 6, jibu 5. Kuna wanaojaza sifuri mahali patupu, wastani ukashuka hadi 3. Nao wanapotosha, maana hakuna mteja aliyetoa sifuri. Kisanduku kitupu kinasema "hatujui", na dashibodi yenu iseme hivyohivyo. COUNT(*) itakupa mistari yote 10, na COUNT ya safu ya majibu itakupa 6. Ziweke zote mbili pembeni ya wastani, kwa maandishi ya ukubwa uleule. Halafu chukua simu uwatafute wale wanne.