Kupandia na kukuzia

SWALI: Shikamoo mtaalamu, nipo Mbozi, mahindi yangu yamefika magotini ila yana rangi ya njano, duka la pembejeo wameniambia niongeze mbolea ya DAP, ni sawa?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hapana bwana, DAP ni ya kupandia, ile fosforasi yake inasaidia mizizi mwanzoni, kizibo kimoja cha soda kwa shimo la mbegu mbili halafu unafukia udongo kidogo ndo mbegu ifuate, isigusane na mbolea itaungua. Sasa hivi inaonekana mahindi yamepungukiwa kirutubisho cha naitrojeni, weka yurea, ndo mbolea ya kukuzia, ila palilia kwanza (usije ukalisha magugu!), na ufukie, ukiiacha juu inapotea hewani. Majani ya chini ndo yameanza njano, eti? Hiyo ndo dalili ya kukosa naitrojeni.