Eksichenja mpya haivuki digrii 54? Usinunue kubwa kwanza

Mkuu wa Makambako, umeuliza kwa nini eksichenja yenu ya mabamba ya kuchomelewa (kile kifaa cha kuhamisha joto toka maji ya moto kwenda ya baridi bila kuchanganyika) haivushi maji ya baridi digrii 54 toka siku ya kwanza ilipofungwa, na bosi anataka mnunue kubwa zaidi. Mwambie asubiri kidogo aisee, hela ni nyingi hiyo.

Mimi yalinikuta haya haya Mafinga kwenye kiwanda kidogo cha maziwa. Na hizi za kuchomelewa hazina gasketi, hufungui ukachungulia ndani, kwa hiyo macho yako ni themometa nne. Nilifunga moja kila bomba nikaviringishia matambara juu, maana baridi ya kule asubuhi ingenidanganya, nikaacha mtambo utulie ndo nikasoma. Moto unaingia 88 unatoka 63, baridi inaingia 16 inatoka 54. Nikapiga hesabu, lita 3,000 kwa saa upande wa moto mara digrii 25 zilizoshuka, lita 2,000 upande wa baridi mara digrii 38 zilizopanda, zinakaribiana kabisa, yaani joto halipotei popote. Sasa tatizo nini? Nikafuata mabomba kwa mkono, kumbe fundi kayaingiza yote mawili juu yanatoka chini, yanakwenda njia moja! Ukifunga hivyo maji ya baridi hayawezi kutoka na joto kuliko yale ya moto yanavyotoka, hata uongeze mabamba mangapi.

Tukageuza upande wa baridi tu, uingie chini utokee juu, tukatoa na hewa. Mabamba yale yale, pampu zile zile: baridi ikatoka 60, moto ukatoka 59. Angalia hapo, baridi imetoka na joto kuliko moto, hicho kitu kinawezekana zikipishana tu, yaani moja inashuka nyingine inapanda.

Ukoko wa chokaa nao unaua joto vibaya sana, ila ungekuwa ukoko ingeanza vizuri halafu ishuke pole pole, yenu ni mpya.

Kingine, cheki karatasi ya muuzaji kaandika moto unaingia ngapi. Kama ni 98 na nyie mnachemsha kwenye tenki la wazi, sahau, huku kwetu juu maji yanachemka kwenye 94 hivi, mtachochea kuni mpaka kesho.

Pima hizo nne na lita za kila upande, weka hapa, na piga picha mabomba yanavyoingia.