Kuzima seva mbili zinazotegemea UPS moja
Ndugu, umeuliza jinsi ya kuzifanya seva zako mbili zijizime zenyewe kabla betri ya UPS (kifaa kinachotoa umeme wa akiba umeme ukikatika) haijaisha. Sakinisha NUT (Network UPS Tools), programu inayofuatilia hali ya UPS, katika seva zote mbili: ile iliyounganishwa na UPS kwa waya wa USB iwe msimamizi, na ya pili ipokee taarifa kupitia mtandao, ili chaji ikishuka mno ya pili izimike kwanza, kisha msimamizi. Swichi ya mtandao (kifaa kinachoziunganisha seva hizo) nayo ichomekwe kwenye UPS hiyo hiyo, la sivyo taarifa haitafika. Kosa la kuisahau swichi hata mimi nimelifanya. Usiyategemee makadirio ya dakika yanayoonyeshwa na UPS yenye betri kuukuu. Siku isiyo na kazi, ichomoe UPS ukutani upime muda halisi ambao betri inadumu.