Joto "lilipanda kwa" au halijoto "ilipanda hadi"?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa kemia katika shule ya upili hapa Nakuru, na chama chetu cha sayansi huandika ripoti za majaribio kwa Kiswahili. Wanafunzi walichanganya sentimita 50 za ujazo za asidi hidrokloriki na kiasi hicho hicho cha hidroksidi ya sodiamu, kila kimiminika kikiwa na moli 1 (moli ni kipimo cha kemia cha idadi ya chembe) kwa lita. Kipimajoto kilionyesha digrii 22 kabla na 28.5 baada ya kuchanganya. Mmoja wao akaandika: "Joto la mchanganyiko lilipanda kwa digrii 28.5." Mwalimu mwenzangu wa Kiswahili haoni kosa. Ni nani kati yetu aliye sahihi?

JIBU: Tukiangalia upatanisho wa kisarufi peke yake, mwenzako hana la kulaumiwa, tukiangalia maana, sentensi hiyo haikubaliki, na kosa zito limo katika kile kineno "kwa". Kihusishi hiki, kikifuata kitenzi cha kupanda au kushuka, hutaja kiasi cha badiliko, ilhali "hadi" hutaja mahali badiliko lilipokomea. Kwa hivyo halijoto ilipanda kwa digrii 6.5, kutoka digrii 22 hadi digrii 28.5. Anayefanya hesabu ya joto lililotolewa hukichukua kiasi kilichotajwa na "kwa", akakizidisha kwa gramu 100 za mchanganyiko na kwa jouli 4.2, ambazo ndizo zinazohitajika kupandisha halijoto ya gramu moja ya maji kwa digrii moja. Atapata jouli 2,730, na kwa kuwa moli zilizomenyuka ni 0.05, jibu litakuwa kilojouli 54.6 kwa kila moli, karibu na kilojouli 57 zinazokubalika kwa mmenyuko huu wa asidi na besi, kwa maana joto fulani hupotelea kwenye chombo na hewani. Aliyeiamini sentensi ya mwanafunzi wako atapata kilojouli 239.4, na wala hatakuwa amekosea kuzidisha.

Kosa la pili ni jepesi zaidi. Joto ni nishati: hutoka, huingia, huhama, hupotea, na hupimwa kwa jouli. Halijoto ndiyo inayosomwa kwa digrii, nayo hupanda na kushuka. Maji yakichemka jikoni hapo Nakuru, ambako kutokana na mwinuko huchemka kwenye takriban digrii 94, jiko huendelea kuyapa joto na halijoto yake isipande hata kidogo. (Chombo chenyewe tumekizoea kuwa kipimajoto ingawa kinapima halijoto, sioni faida ya kukibadilisha jina.) Wala simkosoi anayesema Kisumu leo kuna joto, kwa kuwa haandiki ripoti ya maabara.

Nitaongeza jambo ambalo hukuliuliza, kwa sababu hufuata mara tu hesabu inapokamilika. Alama ya hasi, ambayo wanakemia huiweka mbele ya jibu kama hili, huonyesha kwamba nishati imetoka katika vitu vilivyomenyuka, na kitenzi "kutoa" kinaonyesha jambo lilo hilo. Ukiandika "mmenyuko ulitoa joto la kilojouli hasi 54.6", umekanusha mara mbili, na msomaji makini ataelewa kwamba joto lilifyonzwa. Andika ama "mmenyuko ulitoa kilojouli 54.6 kwa moli", ama "badiliko la nishati ni hasi 54.6 kwa moli, kwa kilojouli".