Madamu alitukimbiza miaka minne bila mashindano

Wakuu, habari za jioni. Nimesoma swali la mleta mada mara mbili. Ana kijana wa kidato cha pili hapa Dodoma, mwalimu wa michezo anamtaka kwenye timu ya riadha, na mzazi anahofia mtoto atapoteza muda wa masomo kwa jambo lisilomfikisha popote. Ameuliza kama yupo mtu aliyefaidika na mwalimu wa michezo bila kuja kuwa mchezaji mkubwa. Mimi nipo. Sijawahi kuvaa jezi ya mkoa hata siku moja. Maelezo yangu ni marefu, mniwie radhi.

Nilianza kidato cha kwanza 2001, shule ya kutwa pembezoni mwa mji. Wa rika langu mnakikumbuka kipindi kile, mashindano ya UMISSETA, yale ya michezo ya shule za sekondari, yalikuwa yamesimamishwa. Hakuna kwenda wilayani, mkoani wala Taifa. Shule za jirani ziliacha viwanja vikaota majani. Sisi tulikuwa na Madamu, mwalimu wa jiografia, mama mwembamba mwenye filimbi ya chuma shingoni. Jina lake silitaji kwa sababu sijamwomba ruhusa.

Muhula ulipoanza tu, alibandika ratiba kwenye ubao wa matangazo: Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa 10 jioni. Kaka mmoja wa kidato cha tatu akamuuliza, "Madamu, tunajiandaa na mashindano gani?" Akamjibu, "Njoo Jumatatu. Uje na maji yako."

Kiwanja chetu hakikutosha mita 400, kona moja ilikuwa na mbuyu. Madamu alichukua kamba ya katani, akaifunga fundo kila baada ya mita 10, tukapima naye mpaka tukapata mzunguko wa mita 300. Mizunguko mitano ndiyo mita 1,500. Mistari tulichora kwa majivu ya jikoni, na kila Jumamosi tulipita kwa mstari mmoja, tumeinama, tunaokota mbigili. Anayezijua mbigili za Dodoma hahitaji maelezo. Wengi wetu tulikimbia peku, na ukichomwa alikukalisha kwenye mzizi wa mbuyu, akaweka mguu wako kwenye goti lake na kuitoa kwa pini aliyokuwa ameichomeka kwenye ukosi wa gauni. Mkono wake ulikuwa mwepesi. Huku anachokonoa anakuuliza umepata ngapi kwenye jaribio la hesabu.

Upepo nao alitufundisha kama somo. Wakati wa kiangazi upepo wetu unatoka mashariki, na upande mmoja wa kiwanja ulikuwa unakupiga kifuani kama mtu anakusukuma. Wote tulikuwa tunashindana nao kwa hasira, tukimaliza upande ule miguu imekwisha. Alituambia tusilinde mwendo, tulinde pumzi: ukiwa unaukabili upepo punguza, jifiche nyuma ya mwenzako, mpokezane kukaa mbele; ukikata kona upepo uwe mgongoni, hapo ndipo unyooshe hatua. Halafu darasani anatuchorea pepo hizohizo kwenye ramani. Mpaka leo swali la pepo za msimu nalijibu usingizini.

Alikuwa na kaunta buku ya jalada jeusi. Kila muda wa kila mtu uliandikwa humo, hata wa mtoto wa mwisho kabisa. Kidato cha tatu, siku moja ya mwezi wa nane, niliacha katikati. Nyumbani hali ilikuwa mbaya, mahindi yalikuwa yameungua shambani msimu ule, nilikuwa nimekunywa uji tu tangu asubuhi. Mzunguko wa nne nilipofika upande wa upepo nikatoka nje ya mstari na kusema kwa sauti kwamba hakuna mashindano yoyote, tunakimbizwa bure. Wenzangu walinyamaza. Madamu hakunigombeza. Aliandika, akafunga buku, akaniuliza taratibu nimekula nini. Jioni ile niliondoka na ugali wa uwele na mlenda wa kwake, kwenye bakuli lenye mfuniko, nikale na wadogo zangu.

Jumatano iliyofuata nilimpa shikamoo huku naangalia chini. "Marahaba. Umebakiza mizunguko miwili," akasema. Alinipanga peke yangu, nikakimbia ile miwili tu, akajumlisha na mitatu ya Jumatatu, akaandika jumla. Nimekutana na viongozi wengi tangu hapo, na sijaona mwingine anayeweza kukurudisha kundini namna ile bila kukudhalilisha.

Kwa wasichana alifanya kazi kubwa zaidi. Kulikuwa na binti mwenye mbio kali sana, baba yake akamkataza kwa sababu jioni ni zamu yake ya maji. Madamu hakwenda kubishana na mzee wa watu. Alikwenda kumsalimia, akakaa, wakakubaliana binti atoke mazoezini saa 11. Na kwa macho yangu nimemwona Madamu kisimani na ndoo ya yule binti, amemshikia foleni ili amalize mazoezi. Binti yule leo ni muuguzi.

Hadithi aliyoipenda ni ya Juma Ikangaa, mkimbiaji wetu wa marathoni, kwa kuwa ni mzaliwa wa Dodoma. Aliiandika ubaoni kwa mpangilio. Boston 1988, wa pili, kaachwa na Mkenya Ibrahim Hussein kwa sekunde 1 baada ya kilomita 42. Boston 1989, wa pili tena. Novemba 1989, New York, wa kwanza, saa 2 dakika 8 na sekunde 1. Watoto tukashangilia. Yeye akageuka akaendelea kuandika: Boston 1990, wa pili. Alihakikisha tumeinakili na hiyo ya mwisho. Ya Filbert Bayi, Mtanzania mwingine, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Christchurch 1974, aliyeongoza mita 1,500 tangu mwanzo na kuvunja rekodi ya dunia, aliisimulia pia, lakini alituonya tusiige bila mazoezi yake.

UMISSETA iliporudi mimi nilikuwa nimeshamaliza shule. Mashindano yangu yote ni mbio mbili za kirafiki na shule ya jirani, moja nilishinda. Nilipata daraja la tatu, nikarudi kwenye ardhi ya familia, nikapanda zabibu.

Miaka michache nyuma mnunuzi mmoja alituahidi lori, halikuja. Zabibu iliyoiva haikusubiri. Nyingine tuliuza kwa bei ya kutupa, nyingine ilinyaukia juu ya mti. Wakati wa kupogoa ulipofika sikugusa mkasi. Zabibu usipoipogoa inajaza majani, na mavuno yanakuja kama miezi minne baada ya kukata, kwa hiyo kila wiki niliyokaa kitandani niliila miezi ya mbele. Sijui nani alimwambia Madamu. Alikuwa ameshastaafu. Akapiga simu: "Umebakiza mistari mingapi?" Nikamwambia yote, Madamu, arobaini.

Kesho yake saa 12 asubuhi alikuwa shambani na chupa yake ya maji. Goti lilikuwa linamsumbua, akakaa kwenye ndoo iliyofudikizwa mwanzo wa mstari, mimi nikakata. Mchana tulikuwa tumefika mstari wa tisa. Alitoa daftari kwenye mkoba, akaandika tarehe na 9, akaniambia atapiga jioni ya kesho kuuliza namba. Akapiga. Siku ya tano tulimaliza. Msimu ule tuliungana wakulima saba, tukakamua mchuzi wa zabibu, ile juisi ya kutengenezea mvinyo, wenyewe badala ya kungoja lori la mtu.

Sasa mleta mada, usiniige mimi, kamwone huyo mwalimu. Nenda jioni, simama pembeni ya kiwanja bila kujitambulisha. Angalia anamfanyaje mtoto wa mwisho. Muulize kama anajua alama za darasani za watoto wake. Wa kwetu aliyeshuka hesabu alibaki nusu saa chini ya mbuyu na kitabu kabla ya kukimbia. Ukimkuta anapiga au anatukana, mtoe kijana wako siku hiyohiyo. Ukimkuta anaandika muda wa kila mtu, mwache.

Na raba usimnunulie kubwa ili adumu nazo, zitamtoa malengelenge. Mnunulie saizi yake.